Hodi Kwenye Handaki la Ingleburn

Watu wa hapa Morogoro wakiiona nyumba yangu husema nilibahatika Australia. Bahati gani? Nilikwenda na stashahada ya umeme niliyojisomesha mwenyewe kwa kuuza balbu na betri. Ila kuna watu wawili ninaowashukuru, na sioni haya kusema.

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa kwenye majaribio katika kiwanda kimoja cha Ingleburn, pembezoni mwa Sydney. Uani palikuwa na handaki la zege la wakati wa vita, walimojificha wafanyakazi king'ora cha ndege kilipolia. Kiwanda kililihifadhi, sasa wakataka wageni waingie, na kazi ya kutia taa nikapewa mimi. Msimamizi alisema wazi: ufunguzi ukienda vizuri, nina ajira ya kudumu, ukiharibika, kwaheri.

Nilizifunga taa zile hata waya mmoja usionekane. Na kila asubuhi nilipiga hodi kwanza. Kwetu huingii penye watu bila hodi, hata kama walishaondoka. Mfagiaji, kijana wa Kirundi, alinicheka kutoka ndani.

"Kaka, unawabishia hodi mizimu ya Wazungu? Watakujibu Kiingereza!"

"Jibu wewe, fundi apite."

Mgeni rasmi alikuwa bibi mzee aliyeshona sare pale kiwandani enzi za vita, akiwa msichana. Alifika mlangoni akakwama.

"Taa zilizimika tukiwa ndani," akaniambia. "Sijaingia tena tangu siku ile."

Msimamizi akaanza kuitazama saa yake. Nikaiona ajira inaondoka. Nikafanya nililozoea.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Ya tatu isipojibiwa, mstaarabu hugeuza njia.

"Hodi!"

"Karibuni! Karibuni ndani!" Mrundi wangu, bado anapiga deki.

"Amesema nini?" bibi akauliza.

"Kwamba ndani kuna mtu, na taa zinawaka."

Akanishika mkono, tukaingia. Akaketi kwenye benchi, akazitazama taa zangu moja moja. Kisha akamgeukia msimamizi aliyesimama mlangoni. "Karibu," akamwambia, kwa Kiswahili kibovu, kitamu.

Jumatatu nikatia saini mkataba. Nyumba hii imetoka humo. Getini nimefunga kengele ya umeme, mtaa mzima hakuna mfano wake. Lakini anayepiga hodi namwitikia kabla hajafika ya pili.