Kamba Fupi ya Sindano

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, saa mbili na dakika hamsini asubuhi, jina lake liliandikwa kwa mara ya kwanza kwenye safu ya wapandaji, wale wanaokata matawi, katika daftari la kikosi cha miti cha manispaa. Kwa miezi saba lilikuwa kwenye safu ya wafagia majani. Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na mmoja, na ndiyo maana kikosi kizima kilimwita Sindano.

Mti wenyewe ulikuwa mjakaranda wa uani kwenye zahanati. Tawi moja, nene kama paja la mtu, lilijilaza juu ya njia ya kuingilia. Njia ilifungwa, wagonjwa wakahamishiwa barazani, nao wakageuza mabenchi ili waone vizuri.

"Shemeji," alisema msimamizi, mume wa dada yake, akimkagua Sindano mkanda wa kupandia, "dada yako kaniambia nikurudishe mzima. Usinigombanishe na mke wangu."

Sindano alicheka, akakaza mkanda. Masharti aliyajua: asiyemaliza mti wake wa kwanza hurudi kwenye ufagio, na husubiri mwaka mzima ndipo ajaribu tena.

Mita tisa juu, hakuangalia chini. Kamba ndefu ilipita kwenye panda ya mti juu ya kichwa chake, ikarudi mkandani. Kabla ya kushika msumeno, kanuni ilitaka afunge shinani na ya pili, ile fupi. Akaizungusha, akabana kulabu, akaegemea nyuma, akapaza sauti kuwaonya walio chini.

"Chini!"

"Wazi!" msimamizi aliitikia, kwamba chini ya tawi hapakuwa na mtu.

Mkato wa kwanza huanzia chini ya tawi, theluthi moja ya unene wake, ili gome lisichanike tawi likianguka. Aliukata, unga wa mbao ukimwingia shingoni. Akahamia juu. Msumeno ulikuwa umekwenda na kurudi mara kumi hivi tawi lilipolia, ta. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama ya mfupa wa kidole.

Mkono ukasimama. Hapo ndipo alipoona. Kamba fupi haikuzunguka shina. Ilizunguka tawi lenyewe, ng'ambo ya mkato, upande unaoanguka: likienda, lingeenda naye.

Kwenye mazoezi walikuwa wakipandia nguzo ya zamani ya simu. Nguzo haina matawi. Ukizungusha kamba kwenye kilicho mbele yako, huwezi kukosea. Leo mikono ilifanya ilichozoea.

Wazo la kwanza lilikuwa afungue kimya kimya, kwani nani angejua? Lakini alikuwa ameegemea kamba ileile, kulabu imekaza, na kila alipovuta pumzi tawi lilivuta naye.

"Shemeji!"

"Nini, umeona nyoka?"

Barazani wakaangua kicheko.

"Kamba fupi iko kwenye tawi."

Msimamizi hakucheka.

"Umekata kiasi gani?"

"Chini theluthi. Juu, vidole viwili."

"Uache msumeno uning'inie. Usivute kitu. Sasa kaa kwenye kamba ndefu."

"Siwezi."

"Kaa kama unavyokaa kitini."

"Kiti kina miguu, shemeji!"

"Na wewe unayo. Ikanyagishe shinani. Nikipanda mimi, wewe unashuka, na daftari unalijua."

Kamba ndefu ilikuwa nene kama kidole gumba. Kwa miaka kumi na mmoja alishonea watu suruali, nao wakaketi bila wasiwasi juu ya uzi wake. Wazo hilo halikumtuliza hata kidogo. Uzi wake ulikuwa umewahi kukatika.

Akakaa. Kamba ilishuka kiasi cha shubiri, na roho ikashuka zaidi, kisha vyote vikashika. Kamba fupi ikalegea. Kulabu ilimshinda mara mbili kwa jasho la vidole. Mara ya tatu ikafunguka. Akazungusha kamba kwenye shina, akaigusa, akaigusa tena.

"Chini!"

"Wazi!"

Tawi liliondoka kabla hajamaliza kulikata, likaangukia katikati ya njia kwa kishindo kilichomfikia miguuni kupitia mti. Kilichobaki, kisiki kifupi cha tawi, alikisafisha taratibu akiwa amefumba jicho moja.

Alipogusa ardhi aliketi juu ya majani. Msimamizi aliandika mbele ya jina lake: *Amemaliza. Kamba fupi ilifungwa vibaya, amesema mwenyewe.* Akampa kalamu atie sahihi.

"Dada asijue," alisema Sindano.

"Atajua. Unadhani nitakula kimya leo?"

Alhamisi saa mbili asubuhi anapanda mti wa pili, ulio karibu na lango la zahanati. Una mita kumi na mbili.