Redio Ajifunza Kufunga Mdomo

Alipotangaza kwamba anakwenda kusomea ustawi wa jamii, mama yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Watu wakuletee siri zao wewe? Si bora wazibandike sokoni!"

Mama hakuwa anamwonea. Mtaa mzima ulimwita binti huyo Redio. Kwa miaka alikuwa akitoa fotokopi katika kibanda karibu na mahakama, na hakuna karatasi iliyopita kwenye mashine yake bila kusomwa. Talaka, barua za kufukuzwa kazi, majibu ya hospitali, vyote vilitoka nakala mbili: moja mkononi mwa mwenyewe, nyingine kichwani mwa Redio. Jioni, nyumbani, aliisoma taarifa kamili.

Basi akaenda chuoni. Eti ana wito. Wito gani, jamani? Alikuwa amesikia tu kwamba kuna kazi ambayo watu wanakaa mbele yako wakakueleza ya chumbani kwao, na serikali inakushukuru kwa kuwasikiliza. Kwake hiyo haikuwa kazi, ilikuwa pepo.

Mwaka wa kwanza alikuwa balaa. Mama akilalamika mgongo, Redio anainamisha kichwa upande, anakunja mikono mapajani na kusema kwa sauti ya pole, "Nakusikia ukisema mgongo unauma. Hilo linakufanya ujisikie vipi?"

"Linanifanya nitafute mwiko wangu," mama alijibu.

Katika mtihani wa maadili aliandika kurasa kwa kurasa juu ya kutunza siri za mteja, mwalimu akamsifu mbele ya darasa. Jioni hiyohiyo akamsimulia mama habari za mwanafunzi mwenzake aliyelia katika zoezi la mahojiano, na sababu ya kilio, na mwanamume aliyemliza anakaa wapi. Maadili alikuwa nayo, tena ya alama za juu.

Mwaka wa mwisho wakampeleka kwenye mazoezi, ofisi ya ustawi wa jamii: chumba cha kungojea chenye mabenchi, feni inayozunguka ikipenda, na chumba kidogo cha mahojiano kwa nyuma. Msimamizi wake alikuwa mama mmoja mkavu ambaye kicheko alikuwa amekiacha kwao. Siku ya kwanza alimwambia, "Hapa ukisikia jambo, limeishia hapa. Likitoka, unarudi chuoni bila cheti." Redio akaitikia kwa adabu zote. Nyumbani akawaeleza watu kanuni hiyo, na ili waielewe vizuri, akawapa mifano miwili ya wateja wa siku hiyo.

Msikilizaji wake mkubwa alikuwa kaka yake. Kaka aliishi na mkewe mtaa wa pili, lakini jioni haikukamilika bila yeye kupita kwa mama. Mtu wa utani, mtu wa watu. Ndiye aliyembeba Redio mabegani utotoni, ndiye aliyemtetea aende chuo wengine walipocheka. "Haya, mtaalamu, leo nani kachapwa na nani?" aliuliza kila mara, na nyumba nzima iliangua kicheko. Redio alimpenda kaka huyo kupita kiasi.

Asubuhi moja wifi yake aliingia ofisini, amejitanda mtandio hadi kidevuni. Mtaalamu wetu akasahau vitabu vyote. "Wifi! Kulikoni? Umefuata nini huku?"

Benchi zima likageuka. Wifi akasema amekosea mlango, akaanza kuondoka. Redio akamkimbilia, akamdaka mkono barazani, na wifi akapiga yowe la maumivu. Mtandio ukateleza. Shingoni palikuwa na alama za vidole.

Redio akauachia mkono haraka, akamrudishia mtandio shingoni.

"Ningejua uko hapa nisingekuja," wifi akasema. "Nimehangaika kutafuta ujasiri, kumbe nauleta kwenye kipaza sauti. Leo jioni atakuwa ameshajua. Ataniua, wifi."

Hakutia chumvi. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia ya posta. Redio akaumia, akaumia kweli. Yaani mtu anapigwa nyumbani kwake, halafu wa kumwogopa ni yeye, Redio! Alitaka kusema kaka hawezi. Alitaka kuuliza, kwani ulimfanya nini? Ndiyo, swali hilo lilifika kwenye ncha ya ulimi, la aibu kama lilivyo. Akalimeza. Akamshika wifi yake mkono ule usiouma, akampeleka kwa msimamizi.

"Huyu ni mke wa kaka yangu. Mimi sifai kuwamo humu."

"Toka, ufunge mlango," yule mama mkavu akasema, na safari hii hakuwa mkali.

Mlango wenyewe ulikuwa mwembamba. Aliyekaa benchi la karibu alisikia hata mtu akimeza mate. Redio alilijua benchi hilo vizuri, ndilo lake tangu siku ya kwanza. Akalipita, akaenda kusimama uani penye mapipa ya taka, akalia mpaka makamasi, mtaalamu wa watu. Mchana aliona gari la ofisi likiondoka na wifi ndani. Lilikokwenda, alikujua: nyumba ya hifadhi ya wanawake.

Jioni mama akasogeza kiti. "Haya, habari za leo?"

Hapo ndipo penye kazi. Redio akinyamaza ghafla, kaka atanusa kitu. "Habari zimekwisha, mama," akasema. "Msimamizi kanifuma nikibwabwaja. Nikirudia, nafukuzwa." Mama akamlaani msimamizi mpaka chakula kikapoa.

Siku chache baadaye kaka alikuja hajanyoa, macho mekundu. Mke wake kaondoka, hata neno hakuacha. Alilia, na moyo wa Redio ukamsaliti: alitamani kumkumbatia.

"Ulizia ofisini kwenu, dada," kaka akaomba. "Nijue tu alipo. Mimi si kaka yako?"

"Siwezi. Nikiulizia ya watu, nafukuzwa."

Kilio kikakatika papo hapo. Kaka akamkazia macho, na Redio akauona uso ambao wifi yake alikuwa akiuona mlango ukishafungwa.

"Amekwambia nini?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Nani?" Redio akasema.

Mama akapiga meza. "Nani, nani! Mwanangu analia hapa! Chuo chote hicho, na hata ya nyumbani kwenu huyajui?"

"Siyajui, mama," Redio akasema, akamvutia kaka yake sahani, akampakulia chakula.