Mwalimu wa Dansi na Ubalozi

Kabla hajakutazama usoni, mwalimu wa dansi hukutazama miguu. Bernadine, mwanafunzi wake wa miaka mingi pale Queens, alishalizoea hilo. Alivizoea pia vidole vyake vyembamba, visivyoacha kugonga chochote kilicho karibu, na sauti laini inayofanya hata karipio lisikike kama sifa. Basi mwalimu aliposhtakiwa kuwa wakala wa serikali ya kigeni bila kujisajili kama sheria ya huko inavyotaka, eti kwa sababu ubalozi wa kwao ulimwomba alete wachezaji wa kumpokea waziri naye akawaleta, Bernadine alikwenda mahakamani kumtolea ushahidi. Kosa lenyewe lingeweza kumfunga miaka kumi.

“Mshtakiwa aliwahi kukupa maagizo?” mwendesha mashtaka alimuuliza.

“Kila Jumanne. Anatuamuru tunyooshe mgongo.”

“Nauliza maagizo ya ubalozi, mama.”

“Kumbe hata ubalozi una neno na mgongo wangu?”

Watu wakaangua kicheko, na jaji akainamia makaratasi yake kuficha uso. Mwalimu hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimetulia tuli juu ya meza, na hapo ndipo Bernadine alipojua jinsi alivyoogopa.

Jopo la raia waliosikiliza kesi lilimwachia mwalimu huru. Nje, kwenye ngazi za mahakama, mwanamke aliyekuwa msemaji wa jopo, ambaye kesi nzima hakutabasamu, alimsogelea.

“Samahani, mwalimu. Asiyejua kabisa kucheza mnampokea darasani?”

Mwalimu alimpa mkono, akaanza kumhesabia hatua palepale.