Wembe wangu wa Kifaransa umeishia kubebesha mapeasi, na siwezi kumgombeza aliyeuharibu

Wakuu, kwema? Ninayoandika hapa sijayatia chumvi hata punje, na nayaandika huku kwa sababu nyumbani hayasemeki.

Mimi ni wa Magamba, Lushoto. Hobby yangu ni nyembe za kukunja za zamani, hasa za Kifaransa. Nazitafuta zikiwa na kutu, nazirudisha kwenye hali yake. Najua mtasema za dukani zipo. Nyamazeni kwanza.

Mwaka jana nilipata mmoja Mtae, kwa familia ya kinyozi wa zamani. Mpini wa pembe, na ubavuni umechorwa Thiers, mji wa Ufaransa wanakotengeneza visu.

Miezi minne nilihangaika nao: msasa laini, jiwe, mkanda wa ngozi. Ukawa unakata unywele ukiwa unaning'inia.

Sasa baba mkwe akaja kututembelea kutoka Shume. Kosa langu ni sifa. Nikamwonyesha unavyokata unywele.

Akautazama wembe, akasema, "Mkwe, naomba niuazime kidogo."

Nikamwambia, baba, huu ni wa Kifaransa, una zaidi ya miaka mia.

"Ndiyo maana," akasema. "Za siku hizi hazikati."

Nani humu anaweza kumnyima baba mkwe kitu mbele ya binti yake? Nilimkabidhi kwa mikono miwili.

Mwezi ukapita, kimya. Nikaenda Shume kuufuata. Nikamkuta shambani amepiga magoti, anabebesha miche ya mapeasi, anaichanja na kuiunga vitawi vya mti mwingine. Kwa wembe wangu.

Makali yamejaa mapengo. Mpini umepasuka, umefungwa nailoni ileile anayofungia miche. Pembeni yake jiwe la kunolea. Jiwe la panga, wakuu.

Damu ilichemka. Nikafungua mdomo, ikatoka, "Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Wembe wako mzuri. Miche ya mwanzo yote imeshika."

Nikashukuru. Yaani mimi ndiye niliyeshukuru. Akanipa na mche mmoja nikapande.

Mke wangu anasema nisikasirike, baba hakujua. Alijua. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu.

Funzo: kitu chenye makali ukikipenda, mkwe asikione. Mliowahi kupoteza kitu kwa sababu ya heshima njooni tulie pamoja, na anayejua kuondoa mapengo bila kuumaliza wembe wote aseme.

Mimi naenda kumwagilia mche. Jumapili mzee anakuja kuukagua, na ameshauliza kama nina wembe mwingine.