Mshipa Wenye Panda

Mbele yake wagonjwa walimwita dada. Nyuma yake walimwita Kupe, naye alijua, na wala halikumkera. Mtu anayeamka kila asubuhi kwenda kunyonya damu za watu angeitwa nani, Njiwa? Alichokataa katakata ni kuitwa Mbu. Mbu, alisema, hutoboa popote anapotua, lakini kupe huchagua mahali pake kwanza.

Chumba chake kilikuwa kidogo, mwishoni mwa ukumbi wa maabara ya hospitali: kiti chenye ubao wa kulazia mkono, sinia ya vichupa vyenye vizibo vya rangi mbalimbali, kopo la kutupia sindano zilizotumika, na feni iliyozunguka siku ilipojisikia. Mgonjwa akikaa, Kupe alimfunga mpira juu ya kiwiko, akamwambia akunje ngumi, kisha akafumba macho. Hapo ndipo watu walipoingiwa na baridi.

"Dada, mbona unafumba macho na sindano unayo wewe?"

"Tulia, mjomba. Macho yanadanganywa na ngozi. Kidole hakidanganywi."

Alipapasa mpaka akausikia mshipa ukibonyea na kurudi, ndipo akafumbua macho na kuchoma. Mjomba bado ameuma meno akisubiri maumivu, Kupe ameshabandika pamba na anaita mwingine.

Kabla ya kufumba macho, lakini, alikuwa na jambo lake jingine. Aliugeuza mkono wa mgonjwa na kuutazama kutoka kwenye kifundo hadi kiwikoni, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Mikono ya wazee wa kiume ndiyo aliyoikodolea macho zaidi. Hata nje ya kazi hakuacha: sokoni, benki, msibani, popote palipokuwa na shati lililokunjwa mikono. Macho hayana pazia. Alikuwa akimtafuta baba yake.

Baba aliyemzaa hakuwahi kumwona. Mama yake alikuwa mtu wa kumeza maneno, na habari za mwanamume yule alizigusa mara moja tu, siku moja alipokuwa akimwogesha binti yake. Aliushika mkono wake wa kulia, ambako mshipa mmoja ulipanda kutoka kwenye kifundo, ukafika katikati, ukagawanyika kama panda ya manati.

"Huu umeutoa kwa baba yako," akasema. "Alikuwa nao hivi hivi, na mkono huu huu."

Halafu akammwagia maji kichwani, na mazungumzo yakaishia hapo. Mama akaja kufariki bila kuongeza neno. Jina la baba huyo Kupe hakutajiwa, picha yake hakuachiwa. Upande wote ule wa ukoo, alichobakiwa nacho ni mshipa.

Riwaya nazo zilimchochea. Kupe alikuwa msomaji asiye na aibu. Kwenye droo ya chini, chini ya maboksi ya glavu, alificha vitabu vilivyokwisha majalada kwa kushikwa. Humo damu ilifanya kazi ambazo hakuwahi kuiona ikifanya kwenye kichupa. Tajiri anamtazama mfagizi wake, damu inamwenda mbio, kumbe ni mwanawe aliyepotea. Binti anapishana na mgeni njiani, damu inamwita, anageuka. Kupe alicheka peke yake, maana damu aliyoifahamu yeye ukiiacha ilitulia chini, maji ya manjano yakabaki juu, na haikumwita mtu. Alicheka, lakini alisoma hadi ukurasa wa mwisho, na kesho yake akaigeuza mikono ya watu kwa bidii zaidi.

Nyumbani alikuwa na baba mwingine, ambaye alimwita Baba tu, bila nyongeza. Huyu alikuwa fundi wa makochi, na alimwoa mama yake wakati Kupe bado anatambaa. Kupe alikulia katika karakana ile, katikati ya springi na vipande vya sponji, akifanyia kazi za shule juu ya makochi ya wateja huku akikaripiwa asimwage wino. Baba alishona kwa sindano iliyopinda, ndefu kama kidole. Kila aliyesimama mlangoni kuulizia kochi lake aliambiwa litakuwa tayari kesho, na kesho ya fundi mnaijua.

Katika mikono yote aliyoigeuza, wa Baba hakuwahi kuugeuza. Hospitali ilikuwa na kanuni yake, haikuandikwa ukutani lakini kila mtu aliishika: wa kwako, mpishe mwenzako. Mkono unaompenda mtu hutetemeka. Kwa hiyo Baba alipokuja kupimwa, Kupe alitoka nje, mwenzake akaingia. Na kusema kweli, hata bila kanuni asingehangaika. Mkono wa Baba angeutazama kutafuta nini?

Siku moja wakaja mapacha. Vijana wawili wanafanana mpaka karaha: vishimo vya mashavu vilevile, kicheko kilekile, hata jino la mbele limepinda upande mmoja. Walikuwa wakipimwa afya kabla ya kuanza kazi. Kupe alimfunga wa kwanza, akaugeuza mkono. Akamfunga wa pili, akaugeuza. Akarudi kwa wa kwanza.

"Kuna nini, dada?" pacha mmoja akauliza. "Nina ugonjwa?"

"Huna kitu. Hebu lazeni mikono pamoja."

Wakailaza. Wa kwanza mishipa yake ilikuwa mitatu, imenyooka. Wa pili alikuwa na mmoja mnene uliokata mkono mshazari, na vijitawi visivyo na mpango. Tumbo moja, sura moja, na chini ya ngozi kila mmoja alikuwa na ramani yake. Kupe aliwatoa damu, akawashukuru mara mbili bila sababu, akafunga mlango.

Akakunja mikono ya koti lake, akalaza mikono yake mwenyewe juu ya ubao. Wa kulia ulikuwa na panda. Wa kushoto haukuwa nayo. Jambo hili alikuwa akilijua tangu utotoni, ila hakuwahi kulipa nafasi ya kusema. Kama mkono wake mmoja haukuweza kuurithisha mwingine mshipa ule, ungetokaje kwa mtu hadi kwa mtu? Labda baba yake alikuwa na panda kweli, kama watu wengine wengi walivyo nayo. Labda mama aliona alichotamani kukiona. Vyovyote vile, mshipa ule haukuwa alama ya kumtambulisha mtu. Uchungu ulimpanda, akamkasirikia marehemu mama yake, kisha akaona haya kumkasirikia. Tangu siku hiyo akawatoa watu damu bila kuwageuza mikono, na foleni ikaenda haraka hadi mkuu wa maabara akamsifu.

Haikupita wiki, Baba akaletwa. Alikuwa ametapika na kuharisha tangu jana yake, akificha ili asimsumbue binti, mpaka jirani alipomkuta ameanguka karakanani. Alihitaji maji ya dripu haraka, na mishipa ilikuwa imesinyaa. Muuguzi wa wodi alijaribu mara kadhaa kila mkono, akaacha michubuko mitupu. Kupe alisimama mlangoni, mikono ameifumbata nyuma.

"Unangoja nini?" muuguzi akamwambia.

"Ni baba yangu. Kanuni..."

"Kanuni ni ya mishipa inayoonekana. Huu haupo. Njoo, mama, atatufia huyu."

Kupe akakaa. Akaushika mkono wa Baba, na bila kukusudia, akaugeuza. Mkono mwembamba, kovu la mkasi karibu na kifundo, chembe za sponji bado zimenasa kwenye kucha. Mshipa hata mmoja haukuonekana, wenye panda wala usio nayo.

Baba akafumbua jicho moja.

"Mama yako aliniambia habari za mshipa," akasema polepole. "Mikono ya mji mzima umeigeuza, mwanangu. Nikawa najiuliza wangu utaufikia lini."

Kupe akauchukua mpira. Machozi yalimjaa, na mkono ukaanza kutetemeka kama kanuni ilivyosema. Akafunga mpira. Akafumba macho, akaanza kupapasa kuanzia kiwikoni kushuka chini, taratibu, akibonyeza na kuachia, akibonyeza na kuachia. Hapakuwa na kitu. Akashuka tena. Kutetemeka kukaisha chenyewe.

"Nani alikufundisha kutafuta hivyo?" muuguzi akanong'ona.

Kupe alikaribia kusema ni chuoni. Chuoni walimfundisha kutazama. Aliyekuwa akifumba macho na kupapasa kitambaa cha kochi akitafuta springi iliyojificha chini yake, kabla ya kuthubutu kuchoma, alikuwa amelala mbele yake.

Na Baba, midomo imemkauka, akauliza kama alivyokuwa akimwuliza alipokuwa mdogo akimsaidia kazi karakanani:

"Springi umeipata?"

Chini ya kidole chake kitu kikabonyea, kikarudi.

"Nimeipata, Baba," akasema, akafumbua macho, akachoma.