Nuh Aliyeacha Kuuliza Habari

Baba yetu alikuwa fundi wa mifupa. Alimfunga ngamia mguu uliovunjika mahali patatu, na yule ngamia akafika Kotile kabla ya kivuli chake. Ukibisha, kamuulize ngamia. Lakini haya ya mdogo wangu Nuh sitayatia chumvi. Yanatosha yalivyo.

Nuh alirithi mikono ya Baba. Alikuwa muuguzi hapa Garissa, na mwaka wa sitini na tano, vita vya serikali na shifta, waasi wa Kisomali, vimepamba moto, akachaguliwa kwenda Nairobi kuongeza elimu: kunyoosha viungo vya wagonjwa. Alipanda lori na karatasi ya ruhusa mfukoni, maana siku hizo Msomali hakuvuka mto Tana bila karatasi.

"Ukirudi uninyooshe na ulimi," nikamwambia.

"Huo, abaayo, dada yangu, hauna daktari."

Darasani walikuwa kumi na watatu. Kujifunza kwenyewe ni kulala mezani kwa zamu, leo huyu amkande yule, kesho yule amkande huyu. Wawili wawili. Hata mimi ambaye shule niliiona kwa nje najua nani alibaki.

"Shifta, wewe utanivunja shingo bure," mwenzao mmoja, Mutinda, alimwambia siku ya kwanza. Wote wakacheka. Nuh naye akacheka, akidhani wakicheka pamoja watamkubali. Miezi miwili ikapita anajikanda goti lake mwenyewe. Mgongo wake hakuufikia.

Mwalimu akamhurumia. "Kesho nakuletea mgonjwa. Akitembea hatua kumi mbele yao, nani atakataa kushirikiana nawe?"

Mgonjwa alikuwa askari, goti limechanwa na risasi huku kwetu.

Sasa, Baba alitufundisha: usianze kazi kwenye mwili wa mtu kabla hajakupa habari. Huku watu wakikutana njiani hawapitani kimya. Unasema warran, yaani lete habari: umetoka wapi, umepita wapi, kisima gani kina maji, mko wangapi? Mtu akieleza, moyo hutulia, na misuli nayo hulegea. Basi Nuh akanawa, akalishika lile goti kama yai, akauliza kwa upole:

"Habari, ndugu. Mlitoka wapi? Mlipita njia gani? Maji mlichota wapi? Mlikuwa wangapi?"

Goti likakakamaa mikononi mwake.

"Huyu anatafuta kambi yetu!" askari akapiga kelele. "Mtoeni!"

"Nilikuwa namsalimia tu," Nuh akasema.

"Salamu gani hiyo ya kuhesabu askari?" Mutinda akauliza, na safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu alitazama dirishani.

Polisi walikaa naye siku tisa, kisha wakamrudisha kwa lori.

Alitukuta ndani ya uzio wa miiba, kwenye kijiji cha ulinzi serikali ilikotuhamishia kwa nguvu, ngamia wetu wamepigwa risasi na askari. Akatandika mkeka nje, akangoja wagonjwa. Mzee Kulow, aliyekwisha kusikia ya Nairobi, alipita akichechemea, kifundo kimevimba kama kibuyu.

"Adeer, ami yangu, njoo nikutazame," Nuh akamwita.

"Kwa mikono iliyobembeleza goti la askari? Wallahi, heri nitambae."

Kulow akaenda zake, na mkeka ukakaa mtupu hadi alasiri. Nikaenda nikalala mimi, kifudifudi, mzima kama punda.

"Haya. Mimi ndiye mwenzako wa darasa. Kanda."

Akakanda. Mikono ya Baba kabisa. Nikangoja, nikangoja.

"Nuh, hujaniambia warran."

Akahamia bega la pili.

"Niulize basi nimetoka wapi!"

"Najua ulikotoka, abaayo," akasema, akaukunja mkeka.

Aliishi miaka ishirini na tisa mingine, akichunga mbuzi wa watu. Akikutana na mtu njiani alimtazama miguu, anavyokanyaga, uzito anavyouegemeza, kisha akapita. Watu walisema ana kiburi. Wanaochechemea aliwatazama mpaka wakapotea vichakani, na hakuwauliza kitu.