Swali la Mtani

Mimi ni mama ntilie wa Mikumi, kando ya barabara kuu, na tangu niugue hakuna kilichonichosha kama sauti za upole. Dereva wa lori aliyezoea kunifokea kwa sababu supu imechelewa, siku hizi ananiambia, "Taratibu mama, usijisumbue." Natamani anifokee. Mtu akianza kukuhurumia kwenye supu, ujue mambo yako si mazuri.

Kansa yangu ni ya shingo ya kizazi. Nilichomwa mionzi Dar es Salaam, nikapata nafuu, nikarudi kwenye masufuria yangu, kisha ikarudi. Daktari wangu, mwanamke wa rika la binti yangu, aliniambia bila kuzunguka kwamba dawa za kawaida zilizobaki zitaipunguza kasi tu. Akasema pia kuna utafiti. Dawa yenyewe ni mpya, na haiipigi kansa, bali inawaamsha askari wa mwili waliolala ili waione kansa na kuishambulia wao. Nikamuuliza kama inaponya.

"Hatujui bado, mama," akasema. "Ndiyo maana tunafanya utafiti."

Wengine imewasaidia, wengine haikuwafaa kitu, na kuna ambao askari wakishaamka hupitiliza na kuanza kumpiga mwenye nyumba: mapafu, ini, utumbo. Nilimpenda kwa kusema hajui. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja, na kumpa mwili wako aujaribie dawa ni jambo jingine. Akanipa karatasi za maelezo, akaniambia nizungumze na watu wangu, nirudi na jibu kliniki ijayo.

Watu wangu sasa! Sisi Wasagara ukoo unafuata mama, na mume wangu ameshatangulia, kwa hiyo jambo kama hili haliamuliwi bila mjomba. Mjomba ni mzee, anaishi Kidete, kwenye reli. Tukakutana Kilosa mjini kwa dada yangu mkubwa. Binti yangu akasoma karatasi zote kwa sauti, akafafanua palipokuwa pagumu.

"Tutaomba," dada akasema.

"Mungu ni mwema," mjomba akasema.

"Amina. Sasa niingie au nisiingie?" nikauliza.

"Utakavyoona mwenyewe, mwanangu," mjomba akanijibu, macho kwenye vidole vyake vya miguu.

Nilikasirika, sifichi. Mjomba huyu ameamua ndoa, mashamba na misiba ya ukoo mzima bila kuombwa na mtu. Leo ndiyo amegundua kwamba nina akili zangu? Siku nzima dada alinishika kama yai. Nikisikia wananong'ona jikoni nainuka kwenda, nikiingia tu wanazungumzia mvua. Nikajua wameshanikatia tamaa, ila wanaona haya kuniambia. Mimi nami nilikuwa na langu moyoni, lakini ningelitamka, dada angenikemea kwamba najichuria kifo.

Kesho yake asubuhi akaingia mtani wetu. Ni Mnyamwezi, babu yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge Kimamba, na hakurudi tena. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana na kukuchukulia kuku wako, na msibani ndiye anayemwigiza marehemu na kumcheka wakati ndugu wanalia. Kumkasirikia huruhusiwi. Alikuja na baiskeli, jembe limefungwa nyuma, na hakupiga hodi.

"Nimesikia kuna Msagara amekataa kufa," akasema. "Nimekuja kuchimba, mnanichelewesha bure."

Dada alishika mdomo. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, maana neno hilo lilikuwa linanukia nyumba nzima na hakuna aliyelitaja mbele yangu.

Akanyofoa kanga yangu kwenye kamba, akajifunga kiunoni, akachukua mwiko, akawa mimi. Akawafokea madereva. Akamnyima mteja mchuzi wa kuongeza, akamtazama kwa dharau kutoka juu hadi chini. Nikalalamika kwamba mimi si bahili kiasi hicho, na binti yangu mwenyewe akasema, "Mama, ni wewe kabisa." Kisha mtani akashika tumbo, akayumba, akajilaza mkekani, akafa. Halafu maiti akafumbua jicho moja.

"Jamani, mimi nimefia kwenye utafiti. Hawa madaktari watanirudisha nyumbani, au wataniweka kwenye chupa wanichunguze?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mjomba akageuzia uso ukutani. Dada akaanza kulia. Na mimi nikakaa wima, kwa sababu hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni. Mama yetu amelala Kidete, juu kidogo ya mto Mkondoa, na ubavuni kwake pana nafasi. Kifo nilikuwa nimeshaanza kukizoea. Kuikosa nafasi ile, hapana. Karatasi hazikutaja maiti, nami niliamini ukishatia sahihi, mwili umeshakuwa wao. Kumbe sote tuliamini hivyo, kila mtu kivyake, na heshima ilituziba midomo. Nani atamuuliza mgonjwa atazikwa wapi?

"Mjomba, ndilo hilo?" nikauliza.

"Ndilo," akasema. "Nilimwahidi mama yako sitamtupa mtoto wake. Sasa ningekuulizaje?"

"Muulizeni mwenye dawa," maiti akasema, bado amelala. "Fanyeni upesi, mimi naanza kuharibika."

Binti yangu akapiga namba ya nesi wa utafiti iliyoandikwa kwenye zile karatasi, akaweka spika, akamwambia kuna mzee ana swali, akampa mtani simu palepale mkekani.

"Shikamoo," nesi akasema.

"Marahaba, mwanangu, ingawa mimi ni marehemu."

Akamwuliza swali lake lote, chupa na yote. Nesi alicheka kidogo, kisha akajibu taratibu, bila mzaha.

"Hapana, baba. Mgonjwa anabaki kuwa wenu. Tunachochukua ni damu kidogo na vipimo vile vilivyoandikwa kwenye maelezo. Ikitokea amefariki, mnamzika nyinyi, mnapotaka. Na akiwa hai, akichoka anatoka siku yoyote. Halazimishwi kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida yanaendelea."

Mjomba alikuwa ameshasogea mpaka kwenye simu. "Hata akiwa ameshatia sahihi?"

"Hata akiwa ameshatia sahihi, mzee wangu. Shikamoo."

Basi maswali yakafunguka. Dada tangu utotoni alitishwa na habari za mumiani wanaofyonza watu damu, kwa hiyo alitaka kujua "kidogo" ni kiasi gani, na alipoambiwa ni vijichupa vya kupimia tu, akafuta machozi. Binti yangu akauliza nikibanwa kifua nikiwa Mikumi itakuwaje. Nesi akasema hilo si la kufanyia masihara: nikiona kikohozi, kuharisha au macho kuwa ya manjano, nisijipe dawa za dukani, nipige simu mchana au usiku. Mimi nikauliza tena kama dawa itanisaidia. Akajibu vilevile kama daktari, kwamba hawajui.

Ajabu ni kwamba safari hii jibu hilo halikunielemea. Siku zote nilidhani naogopa dawa, kumbe dawa nilikuwa naitaka. Nilitaka kujaribu, na nilitaka kwa nguvu ambazo sikujua bado ninazo. Nikawaambia naingia.

Mjomba akajinyoosha, sauti yake ya kuamulia mashamba ikamrudia.

"Nenda, mwanangu. Ukifa tutakuleta kwa mama yako. Usipokufa, utakuja mwenyewe umpalilie kaburi."

Mgeni angeona ni maneno makali kwa mgonjwa. Mimi nilihisi nimetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Mchana ule nilikula ugali na mlenda, nikaongeza, na hakuna aliyeniambia taratibu. Mtani alidai ujira wa kufa, akamkamata jogoo wa dada, akamfunga kwenye baiskeli pamoja na jembe. Dada alimtukana mpaka barabarani, kwa raha zote.

Kliniki ilipofika, daktari alinipitisha tena kwenye maelezo tangu mwanzo, ukurasa kwa ukurasa. Mwishoni akaweka kalamu mezani, akaniuliza kama uamuzi huu ni wangu mwenyewe au kuna mtu amenishinikiza.

"Ni wangu," nikamwambia. "Nimeshazikwa, daktari. Kilichobaki ni kutibiwa."